Shangazi, kuna mtu anautaka mlango wa bibi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Mbagala na nauza vitenge na madera pale Rangi Tatu. Nimekulia Mikindani kwa bibi mzaa mama. Nyumba yake ni ya mawe, moja ya zile za zamani, na ndiyo inayonikosesha usingizi.

Bibi alifariki mwaka 2014. Babu alikuwa ametangulia siku nyingi. Bibi aliacha watoto wawili, mama na mjomba. Mama naye akatutoka 2017, na kwa kuwa baba hatunaye tangu utotoni, tumebaki mimi na kaka yangu tu. Mirathi ya bibi haikufunguliwa, ya mama pia. Si kwamba tuligombana. Mjomba alikuwa akiishi mle tangu alipoacha ukuli bandarini, akaendelea kuishi, mambo yakalala hapo hapo.

Sasa mwezi uliopita kaka kapiga simu kutoka Dodoma: kapata mnunuzi. Huyo bwana alikuwa anapita na gari lake kwenda Mtwara, akasimama Mikindani kupiga picha, akaiona nyumba. Anataka kiwanja. Nyumba ataivunja ajenge ya kulala wageni. Ila mlango anautaka sasa hivi, hata kabla hatujaandikishana, na analipa taslimu. Eti una mahali pa kwenda.

Ule mlango, Shangazi! Bibi alizaliwa ameukuta. Una mbawa mbili, katikati mfaa uliochongwa minyororo na maua, na kizingiti cha juu kina maandishi ya Kiarabu ambayo mvua imeyala nusu. Kila Idi ikikaribia, bibi alikuna nazi, akachemsha tui mpaka likatoa mafuta, halafu akatukalisha mimi na kaka na vitambaa tuusugue. Kaka kulia, mimi kushoto. Upande wangu ulikuwa na njumu tisa za shaba, wake nane kwa sababu moja ilishang'oka, na kila mwaka alilalamika kwamba nimemzidi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyoungua kidogo, naliona lile baraza.

Nililia kwenye simu. Kaka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mara ya mwisho umelala pale lini?" Nikakosa la kumjibu. Ilikuwa Idi ya 2021, siku mbili.

Na hizo siku mbili zenyewe zilinichoma. Basi linapita Mikindani kabla halijafika Mtwara, kwa hiyo konda alinishusha njiani na mfuko wangu. Nafika nyumbani, barazani kakaa mtoto wa miaka kama sita anatafuna muhogo mbichi. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Kwetu hapo, Shangazi! Uchochoro wetu zamani ulikuwa na milango kumi na moja inayofunguliwa asubuhi. Niliihesabu. Minne ina makufuli yaliyoshika kutu, nyumba mbili zimelala chini. Duka la Mhindi alikokuwa anatutuma bibi mafuta ya taa limeota mtini ukutani. Wenzangu wa madrasa wako Mtwara, wako Dar, wengine Msumbiji. Niliyemkuta ni mmoja, anaendesha bajaji, na hakunijua. Akaniita "mama".

Huku Dar nako nilijiharibia mwenyewe. Nilipokuja 1999 niliona haya kusema natoka kusini, kwa ule utani kwamba sisi tunakula panya. Nikiulizwa kwetu, nasema Temeke. Basi nimevuna nilichopanda. Mwaka huu mwanangu wa kwanza katimiza miaka 18, tukaenda ofisi ya mtaa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Mtendaji kamuuliza asili yake. "Mbagala." Mtendaji akacheka: "Mbagala si asili ya mtu, kijana." Mwanangu akageuka kunitazama. Nikasema Mikindani. "Aa, pale kwenye Boma la Wajerumani!" Kwetu ndiyo pamekuwa hapo, boma la wageni.

Kaka ana hoja zake. Mlango una mchwa, ukuta una ufa unaopitisha mkono, boriti zimeinama. Anasema tunangoja nini, nyumba imwangukie mjomba? Tena yeye alinunua kiwanja Mtwara mwaka 2012, kipindi cha gesi, kwa mkopo, na hakikumlipa. Hataki tena kusikia habari ya kuweka pesa kusini. Mume wangu ni mtu wa Singida, anasema hilo ni la ukoo wenu, yeye hayumo.

Nikatae tusiuze? Nimewaza hata kurudi, nihamishie biashara kule. Au naililia nyumba bure wakati mji wenyewe umeshakufa?

Mjukuu wa Mikindani, Mbagala


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mlango, maana huo una mtu mwenye taslimu mkononi, na watu hao huwa hawasubiri majibu ya barua. Mpigie kaka yako leo, mwambie mlango usitoke. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, pamoja na fremu zake. Kama bibi yako alizaliwa ameukuta, basi kuna kila dalili kwamba umo. Kabla mtu hajagusa hata bawaba, nendeni kwa watu wa Mambo ya Kale, au mwanzie kwa ofisa utamaduni wa manispaa. Huyo bwana anayesema "una mahali pa kwenda" huenda anaijua sheria hiyo kuliko ninyi. Haraka yake mimi siipendi.

Na hata sheria hiyo isingekuwepo, ninyi wawili hamna cha kuuza kwa sasa. Nyumba bado ni ya marehemu. Hakuna aliyeteuliwa msimamizi, kwa hiyo mpige saini kumi mbele ya mashahidi ishirini, huyo bwana atakuwa amenunua kesi. Njia ni ile ile mnayoijua: kikao cha ukoo, muhtasari, vyeti vya vifo, halafu Mahakama ya Mwanzo. Pale kuna mirathi mbili, ya bibi na ya mama, msije mkazifanya uji mmoja.

Sasa tupige hesabu. Barua yako inanukia Idi na madrasa, kwa hiyo nachukulia mtarithishana Kiislamu. Bibi kaacha mtoto wa kiume na wa kike, mume hayupo, wazazi hawapo. Igawe nyumba mafungu tisa. Mjomba anachukua sita. Matatu ni ya mama yenu, na katika hayo kaka yako anapata mawili, wewe moja. Shehe atawahakikishia, ila sidhani kama tutatofautiana. Umeona lakini? Ninyi mnaovutana na kulizana kwenye simu mna theluthi moja kwa pamoja. Mwenye nyumba ni yule ambaye hakupigiwa. Na msikimbilie kusema tufuate mila, kwa sababu kwa mila zetu za huku, za kuhesabu ukoo kwa mama, mjomba ndiye hasa mwenye kauli. Mkiingilia mlango wowote mnamkuta yeye kakaa.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta. Njumu umezihesabu, tisa na nane. Milango ya uchochoro umeihesabu pia. Mjomba namkuta kama sehemu ya jengo tu: yumo mle, na huenda litamwangukia. Hujaniambia ana miaka mingapi, macho yanaona, nani anamchotea maji, nani anampikia. Hujaniambia anasema nini. Na yule mtoto wa barazani ni wa nani? Wewe umemkasirikia miaka yote hii kwa kukuuliza unamtafuta nani. Mimi nashuku ni mjukuu wake, au wa jirani aliyezoea kushinda pale kwa sababu jiko linawaka. Gofu halina mtoto wa kuwauliza watu habari zao. Hiyo ni nyumba yenye watu, na mtoto alikuwa anafanya kazi yake.

Haya, la mji kufa. Mimi ni mtu wa Lindi, na sisi Lindi tuna kinyongo cha zamani na Mtwara tangu makao makuu ya Jimbo la Kusini yalipohamishiwa huko miaka ya 1950, kwa hiyo habari ya mji kuporwa ofisi zake usinifundishe. Lakini ninyi mlianza kuporwa kabla yetu. Karne ya 19 majahazi yalitia nanga Mikindani kwa ajili ya pembe na watumwa (tusipapambe sana, fedha ya mawe yale nyingine ilitoka huko). Wajerumani wakajenga Boma lao 1895. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaja na mradi wa karanga wa Nachingwea, wakataka bandari ya meli kubwa, wakaona ghuba ya Mtwara ndiyo yenye kina. Ofisi zikahama, maduka yakafuata ofisi. Karanga zenyewe zikashindwa, mradi ukaachwa 1951. Bandari ikakamilika 1954, karanga za kupakia hakuna. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ya Nachingwea ikang'olewa.

Sasa wewe umezaliwa lini? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukipiga hesabu. Mikindani ilikuwa imeshatangaziwa kifo miaka thelathini na ushee. Ule uchochoro wa milango kumi na moja unaoulilia, bibi yako labda alikuwa akiupita asubuhi na kikapu chake akisema moyoni, hapa zamani palikuwa na watu. Ila ninyi mlikuwa mnacheza, hamkumsikia. Na huyo mtoto wa muhogo, mpe miaka thelathini, utamkuta Dar anawasimulia wenzake jinsi Mikindani ya utotoni mwake ilivyokuwa imechangamka, na bajaji zake. Sikwambii kwamba mji haujapungua. Umepungua, na nyumba mbili zilizolala chini si ndoto. Nakwambia tu kwamba waliobaki hawakai pale wakisubiri mazishi. Yule mwenzako wa bajaji siku ile alikuwa kazini.

Kaka yako usimfanye adui. Mwaka 2012 kusini nzima ilikuwa inaota ndoto moja, na kila mwenye kipande cha ardhi alikipandisha bei. Mei 2013 watu wakapoteza maisha Mtwara katika vurugu za kupinga bomba la gesi la kwenda Dar, bomba likajengwa, gesi ikafika Dar 2015. Mtu aliyekopa akanunua kiwanja kipindi kile ana haki ya kushtuka akisikia "tuweke pesa nyumbani". Tena habari ya ufa unaopitisha mkono imetoka kwake. Wewe ulilala pale siku mbili ukahesabu makufuli ya watu, ukuta wa kwenu hukuutazama. Mpigie, muulize njumu zake zilikuwa ngapi. Akijibu nane bila kufikiri, ujue mnaongea lugha moja bado.

Halafu mwambie jambo dogo linalowezekana: paa. Nyumba za matumbawe na chokaa zinavumilia mengi, kinachoziua ni maji yanayoingia kutoka juu. Mkiziba bati na kubadilisha boriti mbili tatu zilizochoka, mmenunua muda wa kufikiri. Ufa atazame fundi aliyezoea nyumba hizo, na fundi akija na mfuko wa saruji mrudisheni nao. Najua saruji ni tele siku hizi, kiwanda kiko hapo hapo barabara ya Lindi. Ukuta wa matumbawe ukiupaka saruji unaufungia unyevu ndani, plasta inakuja kubanduka pamoja na jiwe lenyewe, na baada ya masika machache mnalia upya. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye nyumba ya shangazi yangu: nje iling'aa kama ya benki, ndani ilikuwa inatoa jasho. Tumieni chokaa. Mchwa nao wana dawa. Mchango ugawanywe kati yako na kaka yako. Mjomba msimchangishe, yeye amechanga miaka yote hii kwa kulala humo, maana ile nyumba isingekuwa na mtu wa kuwasha taa, mlango ungekuwa umeshaondoka usiku bila taslimu ya mtu yeyote.

Lakini yote hayo ni baada ya kumsikia mwenyewe. Na ujiandae. Huenda mjomba akasema amechoka, miguu haitaki tena, anataka chumba kikavu Mtwara karibu na hospitali. Akisema hivyo, basi mtafuata mahakama, mtauza, mlango mtaufuatia taratibu zake, na wewe utalia tena na hakuna atakayekulaumu. Sitakudanganya kwamba jibu zuri lazima liwe kubaki na nyumba.

Kurudi kuhamishia biashara? Si kwa moto huu. Wateja wa vitenge kusini wana pesa msimu wa korosho, minada ikishafanyika na malipo yakiingia. Miezi mingine utawakopesha mpaka daftari lijae. Fanya hivi kwanza: beba mzigo wako mwisho wa mwaka, nenda kauze msimu mmoja. Lala kwenye nyumba hiyo mwezi mzima, si usiku mbili za Idi. Usikie popo kwenye boriti, uchote maji, ugombane na jirani kuhusu taka. Ukirudi Mbagala na bado unaitaka, niandikie tena.

La kusema Temeke ulipokuwa msichana limepita. Utani wa panya nimetaniwa na mimi, na nilikuwa na majibu machafu kuliko yako. Ila kwa mtoto wako sioni kosa. Kaulizwa asili kataja pale anapopajua, Mbagala, mahali penye watu wengi wa kusini kuliko wilaya nyingine za kusini zenyewe, ukiniuliza mimi. Mikindani umempeleka mara ngapi? Usinijibu. Kabla ya Daraja la Mkapa, kabla ya 2003, tulikuwa tunakwama Ndundu tukisubiri pantoni ya Rufiji, masika ndiyo usiseme, na bado watu walikwenda kwao Idi. Leo unapanda basi alfajiri Mbagala, magharibi haijaingia umeshafika.

Nenda naye. Usimpeleke kutazama magofu, wala nyumba inayosemekana alikaa Livingstone mwaka 1866, wala Boma, ambalo siku hizi ni hoteli na chai yake si ya bei yetu. Mpeleke apande juu amshikie fundi bati. Mnunulie mjomba shuka na sukari, na mafuta ya nazi kama yanapatikana, la sivyo kuneni nazi wenyewe. Mshuke Mikindani, msipitilize kwenda kulala Mtwara. Yule mtoto sasa atakuwa na miaka kama kumi. Akikuuliza tena unamtafuta nani, mtajie jina la mjomba wako.